Chelewa Sita Kabla ya Mstari

Ugomvi ulianza Jumatano, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwenye kiwanja cha shule yetu hapa Msambweni. Naijua dakika kwa sababu niliisoma kwenye mkono wake, na mkono ule nimeuchukia.

Mwenye mkono huo ni mwenzangu wa kidato cha tatu, mtoto wa watu wa bara wanaokaa Ukunda. Mjomba wake anafanya kazi hotelini Diani, akampa saa ya kukimbilia iliyoachwa na mgeni, ile ya setilaiti inayopima umbali. Mimi na yeye tulikuwa tukigombania nafasi moja: mbio za mita elfu moja na mia tano, timu ya shule, msichana mmoja tu. Jina lingepelekwa Alhamisi.

Siku saa ilipoletwa, wenzangu waligombania kuivaa. Mimi nikabaki na kijitabu chake cha maelekezo maana hakuna aliyekitaka. Nilikisoma chote. Kilisema usimame mahali pa wazi mpaka saa izipate setilaiti, ndipo uanze. Kilisema ukiwa kwenye kiwanja cha mzunguko, ubonyeze kitufe mwenyewe kila unapovuka mstari, usiiachie saa ihesabu, kwa sababu kwenye kona inakosea kidogo kidogo. Yeye aliiwasha ndani ya stoo ya vifaa, chini ya mabati, akatoka mbio. Akaiacha ilie yenyewe kila ilipodhani mita mia nne zimetimia.

Na ililia mapema. Wiki tatu nzima ililia mapema. Ikilia, yeye anasimama, anajitoa pembeni, anageuka kunipima mimi mpaka nivuke mstari wa chokaa, mstari ambao mwalimu wa michezo aliupima mwenyewe kwa futi ndefu ya mafundi. Halafu anampelekea mwalimu namba za muda, wake na wangu. Mwalimu huwa upande wa pili na wavulana wa mpira. Anazisoma, kisha ananitazama kwa huruma. Ile huruma niliichukia kuliko saa.

Kusema nilishindwa. Mimi hata nikiulizwa jina langu darasani, nalitafuta kwanza. Kwa hiyo Jumatano ile nilichomoa chelewa sita, zile njiti za ukuti, kwenye ufagio wa darasa, nikazificha kwenye soksi. Kila aliposimama, nami nikirudi kwa kutembea, nilichomeka moja pale pale. Mizunguko sita, chelewa sita, na hakuna mbili zilizokaa pamoja. Ya karibu ilikuwa hatua kumi na mbili kabla ya mstari, ya mbali hatua ishirini na tano. Hatua zote niliziandika kiganjani.

Nilitaka mwalimu aje azione. Aliyeziona kwanza ni yeye.

"Wee, cheki," aliwaambia wasichana wa netiboli. "Amenitegea uchawi kwa njia. Hawa watu wa huku si mnawajua?"

Walicheka, lakini mmoja aliziruka zile chelewa kwa uangalifu, asizikanyage. Mwingine akauliza kama ni bibi yangu wa Kinondo aliyenituma. Bibi yangu anauza mihogo. Hajamloga hata kuku.

Mwalimu alifika, akaniuliza hiki ni nini.

"Ni vijiti," nikasema.

Wakacheka upya. Mwalimu akaniamuru nizing'oe, akasema asiyekubali kushindwa hafai kwenye timu, na kwamba jina la mwenzangu atalipeleka kesho baada ya paredi ya asubuhi.

Nyumbani sikula. Niliomba dua mbaya, nasema kweli: niliomba saa ile itumbukie chooni.

Asubuhi yake nilifika kabla ya kengele, nikahesabu hatua kutoka mstarini na kuzichomeka tena zote sita. Kisha nikaenda kumngoja mwalimu langoni.

"Shikamoo, mwalimu. Zile chelewa ni pale anaposimama saa ikilia. Mstari uko mbele. Mwambie akimbie mpaka mstarini."

Niliyasema yote kwa pumzi moja, macho yangu kwenye viatu vyake. Hata marahaba hakuitikia. Alikwenda kiwanjani, akatembea kutoka chelewa moja hadi nyingine, kisha hadi kwenye chokaa. Akamwita mwenzangu, akamwambia avue saa. Tungekimbia sisi wawili, mzunguko mmoja kamili, kutoka chokaa hadi chokaa, kwa filimbi tu.

Alinitangulia karibu njia nzima, nakiri. Ana miguu mirefu. Lakini alipofika chelewa ya kwanza, hatua ishirini na tano kabla, mwili wake ulilegea wenyewe, kama ulivyozoea wiki tatu. Hakuna kilicholia. Nilimpita kwenye chelewa ya tatu, nikavuka mstari mbele yake.

Mwalimu aliandika jina langu. Mwenzangu, akiwa ameinama na mikono magotini, akasema, "Bado ni uchawi."

Nilizing'oa chelewa zangu moja moja, nikazirudisha kwenye ufagio, nikaingia kufagia darasa kwa kuwa ilikuwa zamu yangu. Vumbi lote nililisukuma chini ya dawati lake.