Fundi wa Murara na gauni linalorefuka

Saa mbili asubuhi ukungu bado umeulalia mtaa wa Murara, na Marcelline anausukuma mlango wa karakana yake ya ushonaji kwa kiwiko. Kufuli aliacha kuweka siku nyingi. Ndani kuna cherehani moja, kiti cha mteja, mkasi, pasi ya makaa na msumari mmoja ukutani.

Hakuna rundo la vitambaa, wala nguo zinazoning'inia. Mwenye shida ya nguo huja na kitambaa chake, hupimwa, hukaa kitini akisubiri, na jioni huondoka amevaa. Mteja wa pili akichungulia mlangoni, huambiwa arudi kesho.

"Nguo ya mutu hailalake humu," anasema Marcelline, huku akivuta uzi kwa meno. "Na sishonake kama mwenyewe haiko hapa. Mwili njo unanionyesha kazi. Bila mwili, niko nashonea nani?"

Ng'ambo ya barabara, Laurent, fundi mwenzake, anakohoa vumbi katikati ya nguo zilizorundikana hadi dirishani. Hapitishi asubuhi bila kumchokoza jirani yake.

"Mama Marcelline anafanya kazi sawa padri mu confession!" anapaza sauti. "Mumoja mumoja, na bengine bangojee na zambi zabo!"

Marcelline anacheka mpaka anaushika mguu wa meza. Mwanamke huyu aliyezaliwa Butembo hakuwa na muda wa kucheka hivyo zamani. Alikuwa na cherehani sita, mafundi wa kuwasimamia, na wateja wa kugombana nao. Krismasi ilimkuta akishona na Pasaka ilimkuta akishona, na presha ikampanda hadi daktari akamwonya.

Kilichomzindua ni volkano ya Mei 2021. Mlima ulipopasuka, alikimbilia njia ya kwenda Sake pamoja na wanawe, gunia mgongoni. Walipofika mahali pa kupumzika alilifungua atafute blanketi la watoto. Ndani mlikuwa na nguo za wateja peke yake.

"Nilibeba za batu, bangu balilala na baridi," anasema. "Nilisikia haya mbele ya bana bangu."

Aliporudi mjini aliuza cherehani tano. Sasa anapata karibu nusu ya alichopata zamani, lakini karo inalipwa, jioni anakula na wanawe, na kila Jumatano anaimba kwaya. Hataki kuongeza hata kiti cha pili.

Utaratibu wake umeshindwa na mtu mmoja tu.

Mama Cibalonza ni mwuza samaki, mwenyeji wa upande wa Bukavu, anayeishi karibu na ziwa dogo la Lac Vert. Kwa Krismasi ya mwaka 2024 alimleta binti yake Joviale, mtoto wa miaka saba asiyetulia kitini, akashonewa gauni la kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu. Mwezi uliofuata vita viliingia mjini. Mama alikuwa na sanduku kichwani na mtoto mkononi. Watu walisukumana, mkono ukaponyoka. Sanduku lilifika salama, na gauni lilikuwa ndani yake.

Jina la Joviale limeandikishwa kila mahali ambapo majina ya watoto waliopotea huandikishwa. Hadi leo hakuna jibu.

Miezi ilipita, kisha Mama Cibalonza akatokea Murara peke yake na kuliweka gauni juu ya meza.

"Naomba uongeze urefu," alisema. "Mutoto amekomea, amekuwa murefu."

"Mulete basi nimupime."

"Iko anakuja."

Marcelline alitaka kumrudisha kwa upole. Badala yake alijikuta akiuliza mtoto amefika wapi, na akanyoosha mkono hewani, kiganja kikitazama chini. Mama Cibalonza aliurukia mkono ule.

"Usiulalishe, mama! Unamupimia sawa mbuzi? Unataka asikomee?"

Akausimamisha mwenyewe, vidole vikitazama juu. Kila mtu wa huku anajua: kimo cha mnyama huonyeshwa kwa kiganja kilicholala, cha binadamu kwa mkono uliosimama, ili asikandamizwe akashindwa kukua. Marcelline alifundishwa hivyo tangu angali mdogo, na alikuwa hajawahi kukosea.

"Mukono yangu ilikuwa imeshamuzika," anasema, na machozi yanamlenga. "Nilijichukia."

Akafumua pindo na kulishusha.

Mara ya pili, gauni lilifika likiwa limefumuka kwapani, pande zote mbili. Marcelline aliligeuza ndani nje kwenye mwanga wa mlangoni. Kitambaa kilikuwa kizima, uzi ndio uliokatika, kidogo kidogo, kama unavyokatika mabega ya mtoto yanapopanuka. Mama Cibalonza aliapa kwa Bikira Maria kwamba gauni halijatoka sandukuni.

"Panya anakulaka kitambaa," anasema Marcelline. "Hawezi kata uzi tu. Kazi hii nimeifanya tangu ningali kijana. Ile mushono ilikatwa na mwili."

Mwili wa nani, hasemi. Anakumbuka tu kwamba siku ile Mama Cibalonza alisimama kutwa nzima kando ya kiti kitupu, na yeye mwenyewe hakuthubutu kumwambia akae. Mteja mwingine alipoingia na kutaka kukikalia, wote wawili walimzuia kwa pamoja. Laurent aliyaona hayo kutoka ng'ambo na hakutania mpaka jioni.

Leo ukungu unapoanza kuachia, Mama Cibalonza anaingia tena. Anasalimia, anafungua kitambaa alichofungia gauni, kisha anasimama kando ya kiti. Marcelline analipokea, anapitisha vidole kwenye pindo. Hakuna kilichobaki cha kushusha.

"Mama Joviale," anasema taratibu. "Kitambaa kimeisha."

Mwuza samaki anatazama kiti, kisha gauni. Kinachoonekana usoni mwake ni hofu ya mtu anayeambiwa kwamba mtoto wake akome hapohapo.

Marcelline anainama chini ya meza ya cherehani. Anatoa kifurushi cha gazeti na kukifungua. Ni kitenge cha manjano, ndege wa buluu. Amekitafuta kwa wauza vitenge soko kwa soko, mpaka akakipata kipande cha mwisho kwa mama mmoja aliyekuwa amekisahau. Katika karakana hii isiyohifadhi chochote, hicho ndicho kitu pekee kilicholala.

"Hii inatosha hata akikuwa binti mukubwa," anasema. "Lakini siku atakuja na miguu yake, hii ya zamani nitaifumua yote. Nitafunga mulango, hata client mumoja sitapokea, nimushonee mupya, yeye mwenyewe amekaa pale."

Ndiyo mipango yake. Hana ndoto ya duka kubwa wala ya mafundi wa kuajiri. Anataka siku moja akipime kiti hicho kikiwa na mtoto juu yake.

Anachukua utepe wa kupimia, anapiga goti mbele ya kiti kitupu na kuuachia hadi sakafuni. Halafu anainua mkono mwingine hewani, umesimama, vidole juu.

"Amefika hapa?"

Mama Cibalonza anapangusa uso kwa kanga, anatazama, anatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Ongeza kidogo."

Marcelline anaongeza.