Ndege ya Jumatano Niliyoiondoa

Ipo Jumanne moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo chakula hakishuki. Ni siku mama yako alipoumia jicho. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mlipokuwa mkiuliza, mliambiwa jicho la kushoto la mama lilipotea kwa sababu ya mvua na basi kukwama mlima Kitonga. Ni kweli, mvua ilinyesha na basi lilikwama, lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ninayo mimi, na tangu tumzike mama yako, dada yangu Anna, sina tena pa kujificha.

Nimesikia umepewa kazi wizarani ya kuandika makadirio ya ndege na viti kwa miaka ijayo, na kwamba upande wetu huu wa Songwe na Mbeya umewekwa mikononi mwako. Nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Kisha nikakaa chini. Kazi ya namna hiyo niliifanya kabla yako, na niliiharibu. Usinikatize. Nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe kama bado utaniita mama mdogo.

Nilikuwa msichana, nimetoka chuoni juzi juzi, na nilikuwa najiona kweli kweli. Mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, leo nina meza Dar es Salaam kwenye ofisi ya mipango ya shirika la ndege! Wakati huo Serikali ilikuwa inataka mpango wa miaka mitano. Ndege za nchi zilikuwa chache, kila mkoa unazililia, na swali lilikuwa zigawanywe vipi ili usafiri ukue na shirika lisife. Uwanja wa Songwe ulikuwa haujajengwa. Ndege ilitua uwanja wa zamani pale Mbeya mjini mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hesabu za abiria waliopanda zilikuwa zinatufikia kwa mafaili, zimechelewa miezi, nyingine hazifiki kabisa. Ndipo mkuu wangu akanituma nije nikae wiki mbili nijionee mwenyewe ni watu wangapi wa huku wanaoihitaji ndege.

Wiki mbili, mwanangu. Mimi nilikaa siku tano.

Nilifikia kwa mama yako, mtaa wa Chapwa, pale Tunduma mpakani na Zambia. Alikuwa na kibanda cha chakula karibu na gereji ya malori, anawapikia madereva ugali na maharage. Alifurahi, jamani! Kila dereva aliyeketi alitangaziwa, "Huyu mdogo wangu ndiye anayepanga ndege." Wazambia nao waliambiwa, kwa Kibemba chake cha sokoni. Nami sikumkanusha. Nilikaa pale na kalamu yangu mfukoni, nimevimba.

Wakala wa tiketi wa Tunduma alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji aliyehamia huku zamani na kufungua duka la mabegi. Anayetaka ndege alikwenda kwake kuandikisha jina, naye akapiga simu Mbeya. Nikalifungua daftari lake. Safari ya Ijumaa ilikuwa na majina manne. Ya Jumatatu ya wiki inayofuata ilikuwa na mawili. Nikaandika kwenye karatasi yangu, nikapiga mstari.

Mzee Rajabu akaniangalia. "Binti, hayo majina ndiyo unayoyaandika?"

"Ndiyo, mzee. Si ndiyo abiria wenyewe?"

"Hao si abiria wangu. Abiria wangu bado hawajaja. Mtu wa hapa haandiki jina mpaka lori lake livuke. Akisema nasafiri Ijumaa, halafu mzigo ukalala forodhani, anajiona amejiitia nuksi mwenyewe. Sasa hivi foleni ya malori imefika Chapwa, umeiona. Kaa mpaka Ijumaa."

"Kikao chetu kimekaribia, mzee. Mimi nafuata takwimu."

"Haya mama," akasema, akarudi kupanga mabegi yake. Hakubishana nami tena.

Kikao hakikuwa kimekaribia hivyo. Nilitaka tu niwe wa kwanza kukabidhi karatasi. Na nilijiuliza, muuza mabegi atanifundisha nini mimi? Tena hiyo desturi ya kutotangaza safari niliijua, nimekulia huku. Baba yetu mwenyewe alikuwa hasemi kama anakwenda Itumba mpaka afunge kamba za viatu. Nililiona jambo hilo kuwa ushamba, na ushamba sikutaka uingie kwenye karatasi ya ofisi.

Jumatano nikapanda ndege kurudi. Viti vingi vilikuwa vitupu, nikafurahi, nikavihesabu kwa kidole kimoja kimoja. Nikaandika kwamba upande wa Mbeya hauna abiria wa kutosha, ndege ya Jumatano na ya Ijumaa ziondolewe, zipelekwe kwingine kwenye matumaini ya kukua. Karatasi ilikuwa safi, ina majedwali. Wakubwa waliipitisha, mkuu wangu akanipa mkono mbele ya watu. Ikabaki ndege ya Jumatatu peke yake.

Mwaka uliofuata, masika, ndipo ikaja Jumanne ile. Kwenye gereji walikuwa wanagonga rimu ya lori, kipande cha chuma kikaruka kikamwingia mama yako jichoni akiwa anapakua chakula. Wakamkimbiza Mbeya. Daktari akasema chuma kimezama ndani, wa kukitoa yuko Dar es Salaam, na akifika kesho jicho linaweza kupona. Siku zikipita, hawezi kuahidi kitu.

Baba yako akanipigia simu ofisini. Sauti yake ilikuwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniua.

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa ndege. Kesho Jumatano, si ipo?"

Nikasema haipo.

"Ya Ijumaa?"

"Haipo, shemeji. Mpaka Jumatatu."

Akauliza kwa upole kabisa, "Nani ameziondoa?"

Nikasema, "Ofisi."

Nilidanganya kwa neno moja, na neno lenyewe ni kweli. Siku hiyo nilihangaika, nilizunguka kwa marubani, kwa wanajeshi, kwa kila mtu mwenye ndege ndogo. Sikupata kitu. Wakapanda basi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na Kitonga lori lilikuwa limepinduka, limeziba njia. Walifika Ijumaa jioni. Jicho lilikuwa limeshaoza kwa ndani, likatolewa lisije likaliharibu na la pili. Mama yako alikuwa na miaka thelathini na moja.

Nilimsindikiza kurudi Tunduma. Mzee Rajabu akaja kumpa pole, na alipotoka nikamfuata nje, nikamwuliza kuhusu ile wiki yangu ya kuhesabu. Hakunisuta. Alisema malori yalivuka Alhamisi, watu wakajazana dukani kwake, na ndege ya Ijumaa iliacha watu uwanjani. "Nilikwambia ukae, binti," akasema. Basi.

Nikarudi ndani nikamwambia dada yangu yote. Daftari, karatasi, kupewa mkono, yote. Hakulia wala hakunifukuza. Aliinyamazia habari hiyo na akaninyamazia mimi, miezi kwa miezi. Nikija, ananiwekea chakula, anaondoka. Nakwambia, heri angenitukana.

Mavuno ya kahawa tulikutana Mbozi nyumbani kwa mama. Tulikuwa tunachambua kahawa, tumepeana migongo. Nikaanza kusema, kwa mara ya sijui ngapi, kwamba ningekaa mpaka Ijumaa ningewaona abiria. Akanikata.

"Hata ungekaa mwezi, mimi usingeniona."

"Kwa nini, dada?"

"Wiki ile nilikuwa mzima. Nilikuwa sihitaji ndege."

Hakusema kingine. Baadaye, tukiwa tunafunga magunia, aliniambia nisiwaambie watoto, kwamba mtanichukia na haitasaidia kitu. Nilimtii mpaka alipofariki. Leo namvunjia neno lake kwa sababu umeshika kalamu ileile.

Najua siku hizi mnatumia kompyuta, na uwanja mpya upo, na ndege zimeongezeka. Lakini kompyuta yako nayo itakuonyesha waliokwishakata tiketi tu. Nimeona kwenye ujumbe wako umeandika kwamba mpaka sasa safari za huku "zinaonekana nyepesi", yaani abiria wachache. Moyo ulinipasuka, mwanangu. Nyepesi lini? Umekwenda mpakani ukaona foleni imefika wapi? Umemwuliza mwenye kahawa wa Mbozi anasafiri mwezi gani, au mkulima wa Ndalambo akiugua anapita njia ipi? Nenda stendi, waulize wanaopanda basi kwa nini wamepanda basi. Waulize mawakala ni nani waliyemrudisha kwa kukosa nafasi, maana huyo haandikwi popote.

Wala usinielewe vibaya. Sikwambii uombe ndege kubwa ili kumpendeza mbunge. Ndege kubwa ikija tupu mwezi baada ya mwezi, shirika litaumia na siku moja itaondoka moja kwa moja, nayo itakuwa dhambi ileile. Iombee njia hii ndege ndogo inayokuja siku nyingi, kabla ya kubwa inayokuja mara moja. Acha viti vya ziada kwa makusudi, na uandike wazi kwamba umeviacha na kwa nini. Watakuuliza ni vya nani. Waambie ni vya watu ambao leo ni wazima, ambao mzigo wao haujavuka, ambao bado hawajajua kama watasafiri. Nchi inapopanga kukua, inawapangia hao. Na usipojua jambo, andika kwamba hujui, uombe siku zaidi. Hakuna karatasi iliyowahi kumtoa mtu jicho kwa kuchelewa wiki. Yangu ilifika mapema.

Sasa umejua. Ukinikasirikia una haki. Mama yako alikasirika, na nilistahili. Ukitaka kukaa kimya nami miezi, nitakuwekea chakula nami nitasubiri. Ila usikae kimya mbele ya wakubwa wako.

Nenda ukaandike. Mungu akutangulie, akutie ujasiri wa kusema "bado sijui" mbele ya watu wanaotaka jibu leo. Akupe maisha marefu na kazi isiyokuamsha na majuto. Na watu wa huku wapande, wafike, warudi kwao salama, wasijue hata jina lako.