Kesi ya Mama wa Viktor

Mwezi uliopita nilikuwa saluni hapa Lubumbashi, kichwa nimekiinamisha, nasukwa, nikasikia nyuma yangu wanawake wawili wakigombana juu ya mtu. Mmoja alisema yule mwanamke alijua kila kitu. Mwingine akasema hapana, mwacheni, alidanganywa. Nilidhani wanamsema jirani yao. Kumbe ni mtu wa filamu ya televisheni, ile ya kila jioni! Watu wazima, wenye watoto, wanakasirikiana kwa ajili ya mtu ambaye hayupo duniani. Nilifumba macho, na palepale nikawa Musonoi, mtaa wa wachimba shaba kule Kolwezi, mtoto wa miaka tisa, nimekaa juu ya simenti ya baridi kwenye barza ya Tantine Odile, na vumbi la mgodi linatua polepole juu ya nguo tulizoanika.

Tantine Odile alikuwa mdogo wake mama yangu. Kampani ya shaba ilipoanza kuanguka, baba alipoteza kazi, akaenda na mama kulima mihogo Mutshatsha. Mimi niliachwa kwa Tantine ili nisome. Lakini shule nayo ilifungwa, maana walimu hawakulipwa, na Tantine alikuwa mmoja wa walimu hao. Msomaji wangu, usiombe kuishi na mwalimu asiye na darasa. Alinisahihisha nikisali, alinisahihisha nikilia.

Nadhani ni ili asipasuke moyo ndiyo maana alianza kuwasomea majirani. Katika kabati la shule alikuwa ameokota riwaya moja ya Kifaransa, jalada lake lina mwanamume wa miwani myeusi na bastola. Ilikuwa habari ya jasusi anayewawinda magaidi walioiba mashine ya siri: kisanduku kidogo chenye uwezo wa kusikia maneno ya watu kupitia ukutani, na wa kulipua treni kutoka mbali bila waya wowote. Tantine alisoma kila sentensi kwanza kwa Kifaransa, kwa kumheshimu mwandishi, kisha akaieleza kwa Kiswahili, kwa kutuheshimu sisi.

Wasikilizaji wake hasa walikuwa wawili. Upande wa kushoto alikaa Mama Ngalula, mwanamke mnene wa kicheko, aliyeuza chumvi na samaki wakavu. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na Kasai hakuwahi kuiona. Upande wa kulia alikaa Mama Kaja, Mlunda wa njia ya Dilolo, mwembamba, wa maneno machache, mjane mwenye mwana mmoja tu, Faustin, kijana mrefu aliyekuwa karibu kumaliza shule. Alasiri walikuja na vitana na mafuta ya nywele, wakawa wanasukana huku Tantine anasoma.

Na walikuwa wasomaji wakali! Mashine ya siri haikuwatisha hata kidogo.

“Mashini ya kusikia bantu mu ukuta?” alisema Mama Ngalula. “Hapa Musonoi tuko nayo zamani. Jina yake Mama Kaja.”

Mama Kaja alicheka mpaka kitana kikamdondoka.

Jasusi mwenyewe hawakumpenda. Hakula, hakulala, hakusalimia mtu. “Anaingia mu nyumba ya bantu bila hodi,” alilalamika Mama Kaja. “Njo maana banamupiga masasi ya bunduki kila siku.” Na zilipofika kurasa za magari kukimbizana, Mama Ngalula alipunga mkono: “Ruka, Tantine, ruka. Tupeleke kwa mama.”

Huyo mama alikuwa mama wa Viktor. Viktor ndiye gaidi kijana aliyepangiwa kulipua treni, na kisanduku alikificha chini ya kitanda cha mama yake. Mama alikiona. Kila asubuhi alifagia, akakizunguka na ufagio, akanyamaza. Mwandishi alimpa nafasi ndogo sana, lakini kwenye barza yetu alikuwa ndiye kitabu chote.

“Mama hauzishe mutoto wake ku polisi,” alisema Mama Kaja.

“Na bale ba mu treni? Bo habana bamama?” aliuliza Mama Ngalula.

“Mi sisemi vile.”

“Sasa unasema nini?”

Siku hiyo hawakumaliza kusukana. Mama Ngalula alirudi kwake nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, na mimi nilicheka peke yangu jikoni mpaka Tantine akanifinya. Kesho yake walirudi wote wawili, na kesi ikaendelea.

Kisha maneno mengine yakaingia mjini. Redioni na katika mikutano wanasiasa walisema watu wa Kasai waende kwao. Mimi sikuelewa. Kwao Mama Ngalula nilikujua: nyumba ya kushoto, yenye mlango wa kijani na kuku mmoja mkali. Vijana walianza kupita avenyu kwa avenyu wakiimba. Mama Ngalula alikuja barzani bado, lakini aliacha kucheka, na kesi ya mama wa Viktor hakuna aliyeigusa tena.

Mchana mmoja vijana waliingia lupango lake, pale uani mbele ya mlango. Hawakumpiga mtu. Walisema tu kwamba Jumapili wasimkute, yeye, mume wake, watoto, wote. Faustin alikuwa kati yao, nyuma kabisa, anatazama viatu vyake.

“Faustin,” Mama Ngalula aliuliza. “Na weye?”

Alirudi nyuma hatua moja. Niligeuka kutazama nyumba ya kulia. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini nje moto wa makaa ulikuwa unawaka, na sufuria ya Mama Kaja ilikuwa inafurika, maji yanamwagika motoni, tss, tss. Alikuwemo ndani. Hakutoka kuiepua.

Mama Ngalula na watu wake walikwenda stesheni ya Kolwezi kungoja treni, kama wengine wote. Tantine alishinda siku nyingi bila kunisahihisha, na nikaogopa kwamba ni mgonjwa. Asubuhi moja akachukua kitabu, akanishika mkono. “Hatukumaliza,” alisema.

Sikuwahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja. Walikuwa wamekaa hadi kando ya reli, chini ya maturubai na shuka, na vitanda, milango waliyoing'oa, cherehani, kuku waliofungwa miguu. Kulinuka moshi na watoto wagonjwa. Mama Ngalula tulimkuta amekaa juu ya godoro lake, amekonda.

“Munaniletea nini?”

“Mwisho,” alisema Tantine.

Mama Ngalula akacheka kidogo. Watu wa karibu wakasogea. Tantine alisoma vizuri mpaka alipofika mahali treni inakaribia daraja na Viktor ameshika kisanduku; hapo akatazama watu waliomzunguka, akaanza kuruka kurasa.

“Soma,” alisema Mama Ngalula. “Leo hakuna kuruka.”

Basi akasoma. Treni iliokoka. Viktor alikamatwa. Jasusi alichukua mashine, akaenda hotelini kunywa divai na mwanamke mrembo. Mwisho.

“Na mama?” iliuliza sauti nyuma yetu.

Alikuwa Mama Kaja. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa amesimama na sufuria kichwani, imefungwa kwa kitenge, jasho linamtiririka.

Tantine aligeuza ukurasa wa mwisho, akaugeuza tena. “Hayuko. Mwandishi amemwacha.”

Watu walinung'unika. Mzee mmoja alisema kitabu hicho ni cha kuwashia moto. Mama Ngalula alitazama reli, akasema bila kugeuka:

“Weye Mama Kaja, unasema alifanya nini?”

“Mi nasema alibakia mu nyumba. Alisikia yote. Aliogopa juu ya mutoto wake. Kisha haya ikamushinda, akaenda ku gare ya treni.”

“Kufanya nini ku gare?”

“Hakujua. Alipika tu, akaenda.”

“Lakini haiko mu kitabu!” nilisema, kwa hasira kabisa, maana niliona wanaharibu hadithi. Tantine alinibana mkono mpaka nikanyamaza.

“Alipika nini?” aliuliza Mama Ngalula.

“Bukari na sombe.”

“Alitia chumvi?”

“Alitia.”

Mama Ngalula alisogea kidogo juu ya godoro. Mama Kaja alitua sufuria, akakaa, akafungua kitenge, na tukala sote ule ugali na kisamvu kwa mikono. Hakuna aliyemtaja Faustin.

Treni ilikuja siku nyingine, sisi hatupo. Baadaye fundi mmoja wa reli alituambia kwamba Mama Ngalula alifika Mwene-Ditu, kule Kasai, na watoto wake. Mume wake alizikwa njiani. Mama Kaja aliposikia aliingia ndani, akafunga mlango. Faustin alihamia Dilolo, akawa mchuuzi, na mama yake hakumfuata.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba siku ile wanawake wawili walipatana kwa sababu ya kitabu. Sasa nina mwana wa umri wa Faustin wa siku zile, na siisimulii tena hivyo. Hakuna aliyeomba radhi pale stesheni, na hakuna aliyesamehe; nilikuwepo, nilisikia kila neno. Ninachokijua leo ni jinsi ilivyokuwa vigumu kutembea kutoka Musonoi na sufuria kichwani, ukipita mbele ya watu wanaomjua mwanao. Na ninajua pia kwamba ilikuwa vigumu zaidi, kwa mwanamke ambaye hakubakiwa na mahali pengine pa kukaa, kusogea kidogo juu ya godoro lile.