Vyuo vitatu vya Marekani vilimgombania binti yangu wa kambo, nami nikaogopa kusema ninachotaka

Wakuu, natumaini mmeamka salama, wa mjini na wa porini kama mimi.

Humu huwa nasoma tu, siandiki. Leo nimejipa moyo kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani. Ni kweli tupu, jina la mtoto tu ndilo nimelibadilisha. Nikikosea mambo ya basketball mnisahihishe taratibu, elimu yangu ni ya darasa la saba.

Mimi ni mama wa Usoke, nalima tumbaku na mahindi. Niliolewa na mwanaume mjane aliyekuwa na binti wa miaka minne. Nitamwita Kalunde. Mama yake mzazi alifariki Kalunde akiwa mchanga. Mimi sikujaliwa kuzaa. Baba yake naye akatutoka mtoto akiwa darasa la sita, tukabaki wawili.

Kwa hiyo mkisikia watu wanasema mama wa kambo, ndiye mimi.

Mtoto alirefuka, wakuu. Darasa la saba alikuwa ananizidi kichwa kizima. Sketi ya shule nilikuwa naiongezea kitambaa kila muhula mpaka ikawa na rangi tatu. Wenzake walimtania, akazoea kutembea amejikunja.

Akafaulu kwenda sekondari ya bweni, Tabora mjini. Siku ya kuripoti mwalimu wa michezo alimwona getini. Hata jina hakumuuliza. Alimuuliza, "Umewahi kushika mpira wa kikapu?"

Hakuwa amewahi.

Nafupisha hapa. Kidato cha tano alichaguliwa kwenda kambi ya vijana wa kikapu Dar. Kulikuwa na makocha wageni, wakamrekodi, ile video ikatembea. Alipofika kidato cha sita, vyuo vitatu vya Marekani vilikuwa vinamtaka, masomo na malazi juu yao. Mwalimu alinieleza kwamba kule wanawawinda mapema wachezaji watakaoanza mwaka wa kwanza, wanawagombania kama timu zetu zinavyogombania mshambuliaji.

Usoke nzima ikajua. Nikienda gulioni mtu ananipa shikamoo, sijamaliza marahaba kashauliza Kalunde ana urefu gani sasa.

Sasa kilichonivuruga ni hiki.

Siku moja kisimani niliwasikia kina mama wawili wakiongea, hawakuniona. Mmoja akasema, "Atamwachia aende, kwani ni wake? Angekuwa wa tumbo lake asingemtupa huko."

Mwenzake akajibu, "Thubutu. Atamzuia. Atamwonea wivu."

Nilirudi nyumbani na ndoo nusu. Nikaona nikisema aende, nimemtupa. Nikisema abaki, nimemroga. Kila njia nina hatia.

Nikaamua kufunga mdomo. Yeyote aliyeniuliza nilimjibu kwamba ukoo wa baba yake ndio utakaoamua. Nikajiona mwanamke mwenye busara kweli.

Kalunde akarudi baada ya mtihani wa kidato cha sita. Ulikuwa msimu wa kuchambua tumbaku, tukawa tunakaa chini siku nzima tukitenga majani kwa rangi. Siku ya pili akaniuliza, "Mama, niende au nisiende?"

Nikamwambia, "Hayo waulize baba zako wadogo na shangazi yako."

Jioni ile alikula matonge mawili akanawa. Kesho yake vilevile. Siku ya nne, tukiwa palepale kwenye majani, akaongea bila kuniangalia.

"Kila mtu ameniambia anachofikiri. Mwalimu, mchungaji, hata mwenye duka. Wewe tu ndiye hujasema. Ni kwa sababu mimi si wako?"

Wakuu, sijawahi kupigwa maishani mwangu kama nilivyopigwa na lile swali.

Nikaweka majani chini. Nikamweleza yote ya kisimani. Kisha nikamwambia ukweli wangu. "Sitaki uende, kwa sababu nyumba hii itakuwa kubwa mno kwangu. Na nataka uende, kwa sababu uwanjani ndipo mahali pekee nimekuona umesimama wima. Yote mawili ni kweli. Nilikosa namna ya kuyasema pamoja."

Alilia, nami nikalia. Tumbaku ya siku ile tuliichanganya rangi, ikabidi turudie.

Tangu hapo nikaingia kwenye jambo lenyewe kwa miguu miwili. Mwalimu alikuja Usoke na simu yake, tukaongea na makocha kwa video call, Kalunde akinitafsiria. Wa kwanza tulimwondoa mapema, hakutaka kuulizwa habari za masomo. Wakabaki wawili.

Kocha wa chuo kikubwa alisema Kalunde ataanza tangu mechi ya kwanza, na picha yake itabandikwa nje ya ukumbi. Mwalimu alifurahi mpaka akasimama.

Wa chuo kidogo alikuwa mama mtu mzima. Yeye alisema, "Mwaka wa kwanza atakaa benchi sana. Ana urefu, ana mikono mizuri, lakini alianza kucheza akiwa mkubwa. Bado hausomi mchezo. Naweza kumfundisha, ila siwezi kumwahidi nafasi."

Nikamuuliza, "Na asipokuwa mchezaji mzuri kabisa?"

Akasema, "Atamaliza shahada yake hapahapa. Hilo naliahidi."

Nikamwambia Kalunde atafsiri: mimi siye niliyemzaa, ila nimemlea tangu ana miaka minne. Kocha asimgombeze mbele ya watu maana anajikunja. Akibanwa na kifua asinywe vitu vya baridi.

Maneno yangu yalikuwa mengi, yeye akatafsiri machache. Kiingereza sijui, lakini nilisikia "my mother" mara mbili. Na nilijua ile ya kutomzaa hakuitafsiri.

Kalunde akamchagua yule kocha mama. Mwalimu alinuna wiki nzima, baadaye akapoa.

Likabaki suala la ukoo. Nilipanda basi hadi Urambo kwa shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu, mtu ninayemwogopa tangu siku ya harusi. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia, "Wifi, nataka mtoto aende. Wakisema nimemtupa, waseme."

"Kumbe ulikuwa unaogopa maneno," akasema. "Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, na mama zao waliwasindikiza. Nani aliwaita wabaya? Inuka tule."

Agosti tukamsindikiza. Nilimfungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akavikumbatia mapajani kama mtoto.

Sasa yuko kwenye msimu wake wa kwanza. Na ni kama kocha alivyosema, anakaa benchi. Mechi nyingi haingii kabisa. Hapa kijijini wanauliza mbona hatumwoni, nawajibu anajifunza.

Jumapili iliyopita nimetoka kanisani akapiga. Sauti ilikuwa chini.

"Mama, jana tena sikucheza."

Mimi mpira siujui, ningemshauri nini? Nikamuuliza, "Wenzako walishinda?"

"Walishinda."

"Uliwashangilia?"

"Mpaka sauti imekauka."

"Basi kunywa chai ya tangawizi."

Akacheka. Tukaongea habari za mvua na za mbuzi wetu mpaka salio likaisha.

Wakuu, sijui kama atakuwa mchezaji mkubwa. Huenda mwakani, huenda isitokee. Nilichojifunza ni kwamba ukilea mtoto, wako au wa mwenzio, usiwape majirani ulimi wako. Mtoto hajui kwamba umenyamaza kwa kumpenda. Anaona umenyamaza tu.

Wenye watoto au ndugu waliocheza vyuo vya nje, niambieni huo mwaka wa benchi wanauvukaje. Na mliolelewa na mama wa kambo, semeni ni nini mlitamani awaambie. Nasoma kila jibu, hata la kuniponda. Nikichelewa kujibu, nipo shambani.