Herufi H Katika Daftari la Washirika

Siku yangu ya kwanza ya ukarani wa kanisa nilifika Kibiti na shati la kuazima. Mchungaji hakunikaribisha hata chai. Alinisukumia daftari lililoliwa na mchwa, akasema, "Karani, nakili majina yote. Usiongeze, usipunguze."

Ninyi mnaopiga kila kitu picha kwa simu hamjui kunakili. Kwetu Wapresbiteri usharika huongozwa na kikao cha wazee, na karani ndiye anayekitunzia kumbukumbu. Daftari lile lilianzishwa enzi za Mjerumani, watu wachache wa bara walipojenga nyumba ya ibada kule Mbuchi, ukingoni mwa mto penye mikoko. Baadaye mafuriko yakala ukingo, nyumba ikaenda nao. Waliobaki wakahamia Kibiti.

Waliofariki walikatwa kwa mstari. Lakini majina saba hayakukatwa, yaliwekewa herufi H tu. Nikauliza maana yake. Mchungaji, mgeni kama mimi, akajibu bila kuinua kichwa, "H ni hai. Nini kingine?" Nami nikaandika hai, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikayaweka ukurasa wa mwisho.

Jumapili ya maandalizi, wiki moja kabla ya Meza ya Bwana, nilipanga vibati, vipande vidogo vya bati, mezani, kimoja kwa kila jina. Aliyeitwa aliitika "Nipo", akachukua chake; bila hicho hakushiriki. Nilisoma, watu wakachukua, nikafika kwa wale saba. Hakuitika mtu. La mwisho lilikuwa Yohana.

Bi Tabitha, mkongwe kuliko wote, akasimama ameshika benchi. "Mwanangu, kaka yangu umemwona wapi? Maji yalimchukua yeye na wenzake sita pamoja na nyumba ya ibada, miili haikupatikana. Mama alikataa matanga, akasema atarudi. Namngoja mpaka leo."

Nilitamani ardhi inimeze. H ilikuwa hayupo. Nilikuwa nimewaita waliozama, wote saba, na kumpa bibi wa watu tumaini la bure. Nikageuka niondoe vibati vyao. Meza ilikuwa tupu.

Mchungaji alinipekua mimi kwanza, kisha wazee wa kanisa. "Umehesabu vibaya," akasema. Sikuhesabu vibaya. Ubovu wangu ulikuwa wa herufi.

Jumapili ya Meza, vibati vilirudishwa kapuni kama desturi. Vilitimia. Saba vilikuwa vimelowa, vina tope jeusi la mikokoni, na Kibiti ni nchi kavu. Bi Tabitha akachukua kimoja, akakinusa, akakibana kifuani.

"Amerudi, amekula mezani," akasema. "Basi tukae matanga."

Tukakaa siku tatu. Majirani zetu Waislamu walikuja kutupa pole, wakaketi nasi. Bi Tabitha alilia kama aliyefiwa jana, kisha akalala usingizi, naye alikuwa na miaka mingi bila kulala vizuri.

Jina la Yohana nililikata kwa mstari. Yale sita niliyafutia hai nikayarudishia H, sikuyakata, maana hayakuwa na ndugu wa kuyalilia. Nilitumika chini ya wachungaji wanne, na kila maandalizi niliyapangia majina yale sita vibati nikayasoma. Wachungaji walinung'unika, ila hakuna aliyethubutu kunizuia.

Nilipostaafu nilimkabidhi daftari karani mpya, binti mwerevu wa kompyuta. Akafungua ukurasa wa mwisho.

"Babu, hawa sita wa H niwafute?"

Nikamwambia awasome kwanza, halafu aangalie meza.