Wifi na Bisibisi Yake

Wifi yangu simpendi, na sikuanza jana. Siku marehemu kaka alipomleta nyumbani nilimtazama mikono, nikaona vanishi imemganda mpaka kwenye kucha, nikasema moyoni huyu hatatufaa. Alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya seremala, kupiga msasa makabati ya watu na kuyang'arisha, na mpaka leo yuko hapohapo. Kaka alipofariki tulidhani atarudi kwao. Hakurudi. Alijibanza kwenye chumba cha uani, kile ambacho baba alikuwa anatupia magurudumu na mabati mabovu, na hakuna aliyemfukuza kwa sababu hakuna aliyekitaka.

Chumba chenyewe kilikuwa aibu. Matofali matupu, sakafu ya vumbi, mlango wa bati unaofungwa kwa waya, na ukiinua macho unaona mbingu kwenye matundu ya misumari. Mwenye akili angeanza na sakafu. Unanunua saruji, unamwita fundi, yameisha. Mimi ndivyo nilivyofanya chumba changu cha mbele, niliporudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Mafao yangu ya kiwandani yote niliyatia humo. Nikapiga plasta, nikapaka rangi ya maziwa, nikashusha vigae vyeupe ambavyo ukivipiga deki unajiona sura. Sikununua hata kitanda kipya, nililala kwenye kile cha zamani chenye kelele, ilimradi chini kung'ae.

Fundi wangu alipokuwa anachanganya saruji, wifi alipita na ndoo yake ya maji akasimama.

"Wifi, nyumba hii iliandikwa jina la nani?"

"La kaka mkubwa. Kwani wewe unataka nini?"

"Nauliza tu," akasema, akaenda zake. Niliona ni umbea wa mtu anayenyemelea urithi, nikamnunia mwezi mzima.

Na yeye je, alipopata vijisenti vyake vya kwanza alinunua nini? Mlango. Mvua inamnyeshea kitandani, yeye ananunua mlango wa mbao na fremu yake. Nikamwambia mwizi atakuja kuiba nini, vumbi? Akacheka kidogo tu, akaendelea kuzungusha bisibisi. Hakugonga msumari hata mmoja. Ndipo nikamwita Bisibisi, na jina likamganda kuliko vanishi.

Baadaye akaleta dirisha la vioo. Akaleta mabati mapya, akayafunga kwa skrubu. Plasta hakutaka kuisikia. Alikuwa anapewa na bosi wake vipande vya plaiwudi vilivyobaki, anavikata, anavipaka, anavifunga ukutani na darini kimoja kimoja. Sakafu nayo akaitandikia mbao juu ya boriti, kama jukwaa, kisha kapeti ya mpira juu yake. Fundi wangu aliona akatikisa kichwa, akasema huyu mama anajenga kabati. Na yale mabati mabovu ya paa, na ule mlango wa bati, hakuvitupa. Alivisimamisha nyuma ya choo, vimefunikwa turubai. Niligombana naye juu ya takataka zile mpaka sauti ikanikauka. Alinisikiliza, akaenda kuifunga turubai vizuri zaidi.

Saruji alinunua mara moja tu. Nilipomwona nayo nikasema haya, sasa amepata akili. Akaenda kuimwaga bafuni. Alitengeneza kidaraja cha kukanyagia, akasimika na bomba la chuma la kushikilia, kwa sababu miguu ya mama yetu ilikuwa imeanza kumsaliti. Mimi nilikasirika, nasema wazi. Alikuwa anajipendekeza.

Ikafika siku ambayo chumba cha uani kilikuwa kizuri. Siwezi kusema uongo, kilikuwa kizuri. Ukiingia mvua inanyesha husikii kelele, na kuna harufu ya mbao. Kaka mkubwa aliingia siku moja kutafuta nyundo, akazunguka akigusa kuta, akatoka bila nyundo. Mtoto wake wa kiume alikuwa anaoa.

Aliitisha kikao sebuleni, mama akiwa kwenye kiti chake.

"Shemeji," akamwambia, "umekaa na sisi vizuri. Lakini kijana anataka pa kuanzia. Mwisho wa mwezi utupishe."

"Nimekitengeneza mwenyewe, shemeji," akasema. "Mliponipa hakikuwa hivi."

Nikadakia. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo. "Uliombwa na nani? Mgeni hapangi nyumba ya watu."

Kaka akainua mkono ninyamaze. Alitaka kuonekana muungwana. "Hakuna anayekudhulumu. Chukua vyako vyote."

"Vyote?"

"Vyote. Mama shahidi."

Wifi alikuja siku ya mwisho na vijana wa karakana na mkokoteni, asubuhi, kabla sijanywa chai. Bisibisi zilianza kulia. Mlango ulitoka na fremu yake. Dirisha likatoka. Plaiwudi zikashuka moja baada ya nyingine, zikapangwa. Mbao za sakafuni zikainuliwa na vumbi la baba likaonekana tena chini yake, halijabadilika. Nilimpigia simu kaka, akaja anahema, akakuta mabati yanashushwa.

"Shemeji, unabomoa nyumba yangu?"

"Ulisema nichukue vyangu, shemeji. Vyako ninavirudisha."

Na kweli alivirudisha. Alifunua turubai nyuma ya choo, akapandisha mabati mabovu kwenye matundu yaleyale, akasimamisha mlango wa bati, akaufunga kwa waya. Aliturudishia chumba chetu kama tulivyompa. Kisha akaenda bafuni, akalishika lile bomba la mama, akalitikisa kuona kama limekaza, akamuaga mama na kuondoka. Mimi hakuniaga.

"Na hilo bomba mbona umeliacha?" nilimpigia kelele akiwa getini.

Mama ndiye aliyenijibu. "Aliniambia siku nyingi. Cha skrubu ni chake, cha saruji ni cha mwenye nyumba. Hili alinipa."

Nikasema uchoyo huo, hata akiupamba.

Mchumba wa kijana alikuja na mama yake kuangalia chumba. Alisimama mlangoni, waya ukamchana gauni. Akachungulia ndani, akauliza kwa adabu kama hakuna kingine. Kaka mkubwa aligeuka, akaanza kutembea kuelekea mbele ya nyumba, nao wakamfuata, nami nikawafuata nikidhani anawapeleka kunywa soda. Akafungua mlango wangu.

Yule binti alivua viatu kabla ya kukanyaga. Aliviona vigae, akatabasamu.

Jioni kaka aliniita palepale sebuleni. "Dada, wewe uko peke yako. Uani panakutosha."

"Kaka, chumba kile nimekitengeneza kwa mafao yangu. Kila kigae."

"Nani amekataa?" Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaangalia sakafu yangu kupitia mlango uliokuwa wazi. "Chukua vyako vyote."

Nilimtazama mama anitetee. Mama alikuwa anajikanda magoti. "Mwenzako aliponyolewa," akasema, "wewe ndiye uliyemshika kichwa."

Wifi simpendi hata sasa. Nimejifungia chumbani, nimechukua kisu cha jikoni, nimepiga magoti nyuma ya kitanda na kuchokonoa kigae cha pembeni kabisa. Kimetoka vipande vitatu. Nimevirudisha mahali pake na kuvisukuma kwa kidole, maana bibi harusi anakuja kesho kupima mapazia.