Jina la Monica Kwenye Orodha ya Wagonjwa

Jumapili ya kwanza baada ya maziko, Katekista Onesphory alisoma orodha ya wagonjwa wa kuombewa, na jina la nne likawa Monica Aloisi. Kanisa zima la kigango, huko juu Uru, likageuka kumtazama Herieth. Monica alikuwa mama yake, na siku tano kabla walikuwa wamemzika kihambani, kati ya migomba na mibuni. Herieth hakushtuka. Tangu siku ya msiba hakuwa ameshtuka kwa lolote, wala kulia. Watu walisema amejikaza. Wapi! Hakukuwa na cha kukaza, ndani kulikuwa kutupu tu.

Aibu ilikuwa yake, maana orodha ile ilitoka kwenye programu yake. Alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Moshi, mwaka ule wa 2004 ambapo kila kichochoro kilikuwa na kibao cha mafunzo ya kompyuta, na wengine wakifundisha kwa kuichora ubaoni. Kwaresima ile aliiandikia parokia programu kwa Java, lugha ya kuiamuru kompyuta, ili waachane na daftari kubwa lililoliwa na mende. Humo kila Mkristo alikuwa objekti, yaani kifurushi kimoja cha taarifa zake: jina, ubatizo, mzima au mgonjwa, hai au marehemu. Kila kifurushi kina methodi zake, ndizo kazi ndogo ndogo; hii husajili kifo, ile huandaa orodha ya kuchapwa, na zote hutazama taarifa zilezile. Moja ikibadilisha, nyingine inaona. Hivyo ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake, tena kwa kujiamini.

Kifo cha kwanza kuingizwa kilikuwa cha mama yake. Alikiingiza mwenyewe, kesho yake baada ya kuzika, na kioo kikamjibu: Monica Aloisi, marehemu. Akazima kompyuta, akarudi nyumbani kukata majani ya ng'ombe.

Jumapili ya pili jina likasomwa tena na wagonjwa. Padre Valerian akamwita sakristia.

"Herieth, mwanangu, Jumapili ijayo ni misa ya kumwombea mama yako. Akisomwa tena na wagonjwa, nalirudisha daftari. Mende wanakula karatasi, lakini hawafufui watu."

"Sawa, Padre."

Kazi ya miezi ingekwenda na maji, naye hata hakuumia. Alichotaka ni kimoja tu: siku ya misa yake, mama asomwe mahali pake, pamoja na marehemu. Wiki nzima aliisoma programu mstari kwa mstari. Macho yalipita juu ya maneno, yasiokote kitu.

Jumamosi mchana ndugu walianza kufika, na mama yake mdogo, Tereza, akapika mtori wa ndizi na nyama. Herieth alipewa bakuli, akaonja, akalitia chumvi, akakoroga.

"Sasa umekolea," alisema.

Tereza akaonja kwenye sufuria, akakunja uso. "Umekolea wapi? Wewe umetia chumvi kwenye bakuli lako. Sufuria ya watu bado haina kitu. Dada alikugombeza kwa hili hili tangu uko mdogo, na hujaacha!"

Herieth akaweka kijiko chini. Akaacha mtori ukipoa, akashuka mbio mpaka ofisi ya parokia.

Kosa lilikuwa lilelile la chumvi. Methodi ya kusajili kifo haikuigusa "hai" ya objekti. Ilijitengenezea "hai" nyingine ndani mwake, yenye jina lilelile, ikaibadilisha hiyo, ikamtangaza marehemu kwenye kioo, na kazi ilipokwisha hiyo "hai" ikapotea nayo. Kwenye kifurushi chenyewe, ambako methodi ya orodha ilikuwa ikichungulia, Monica alikuwa bado hai, tena mgonjwa. Herieth alifuta neno moja, lile lililoamuru itengenezwe "hai" mpya. Kisha ikabidi akiingize kifo cha mama yake kwa mara ya pili. Akachapa.

Onesphory akaingia kuchukua karatasi ya kesho.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mwanangu." Akaipitia karatasi polepole. "Umemtoa."

"Nilikosea mwanzoni. Lakini Katekista, wewe ulikuwepo kaburini, hata koleo ulishika. Mbona ulimsoma mara mbili?"

Mzee akavua miwani. "Niliona jina lake. Nikajiambia, karatasi hii ni ya mtoto wake. Kama mwenye msiba hajamtoa mgonjwa wake, mimi ni nani nimtoe?"

Herieth akaichukua karatasi mkononi mwa mzee, akapitisha kidole kwenye orodha ya wagonjwa toka juu hadi chini. Namba nne sasa alikuwa mzee Yakobo. Akarudia tena toka juu, taratibu zaidi, kana kwamba alikuwa ameruka mstari.

"Mama hayupo," alisema, na machozi yaliyomkataa kaburini yakamjia hapo, amesimama mbele ya mashine ya kuchapia, karatasi mkononi.